Siku Mama Mdogo Alipopotelea Ukunguni

Ukimwambia mtu wa Beni kwamba kuna mahali, si mbali sana na kwao, ambapo majani huamka meupe kwa baridi, atacheka. Mimi nilikulia mahali hapo, kwenye milima ya Masereka. Kuanzia mwezi wa sita mvua ilikuwa inapungua, jua linakuwa la kutazama tu, si la kuota, na alasiri ukungu unapanda kutoka bondeni. Ulifunika shamba la viazi kwanza, kisha kibanda cha mbuzi, kisha mlango wetu. Mtu aliyesimama uani ungemsikia akikohoa bila kumwona.

Miezi hiyo tuliishi jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha pekee nyuma ya nyumba, na moto wake haukuachwa kuzimika. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa kanisa letu la Kiprotestanti, alitukusanya pale kila asubuhi kabla ya uji. Alisoma zaburi akiwa amevaa makoti mawili, tukaimba kwa sauti za usingizi huku mvuke ukitutoka vinywani. Mdogo wangu wa kike alipenda kuficha miguu katika majivu yenye joto, na mama alimfinya ili afumbe macho wakati wa sala. Baada ya hapo ilikuwa shamba: viazi, kabichi, na puaro, vile vitunguu virefu vya majani ambavyo wachuuzi wa Butembo walikuja kupakia kwenye lori. Ukichimba viazi katika baridi ile, vidole vinakufa ganzi hadi hujui kama umeshika kiazi au jiwe. Siku za Mungu, kila Jumapili, tulitembea kwenda kanisani tukiifuata sauti ya kengele, yaani rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ambayo baba aliigonga kwa chuma muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili waliopotea ukunguni wapate njia.

Hofu tuliisikia kwenye redio. Ilikuwa ya upande wa Beni, ya mashamba ya kule chini kwenye joto, ambako watu waliondoka asubuhi na majembe na wengine hawakurudi. Mchungaji aliwaombea kila siku ya Mungu. Tuliitika amina, tukarudi kula viazi vyetu. Sisi tulikuwa juu. Kwetu kulikuwa na baridi tu.

Kisha mama mdogo akaja.

Alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama, anayemfuata. Alikuwa ameolewa karibu na Beni, na kila alipokuja kututembelea zamani alikuwa akitufanya tucheke mpaka mama anakasirika. Mara hii alishuka kwenye pikipiki na mtoto mchanga mgongoni, msichana ambaye hata kutambaa hakuwa ameanza, na mfuko mmoja. Hakusalimia. Alipitia mlango wa mbele, akatembea hadi mlango wa nyuma, akaufungua, akatazama unaelekea wapi. Ndipo akakaa.

Habari yake tuliipata kidogo kidogo, kwa sababu aliisema usiku kwa mama na sisi tulisikiliza nyuma ya ukuta wa udongo. Watu wenye nguo za kijeshi walikuwa wamefika shambani kwao asubuhi. Hakujua walikuwa nani. Yeye na mtoto walilala ndani ya mihogo hadi jua likazunguka. Mume wake alikuwa upande wa pili wa shamba, na hakuna aliyemwona tena, hata mwili.

Mama alimwambia, "Huku juu hapana bile bintu. Huku ni baridi tu, mudogo wangu."

Mama mdogo akauliza, "Na ile barabara inatoka wapi?"

Kuanzia hapo hofu ikawa mtu wa nyumbani. Mama mdogo alilala na viatu. Hakutaka nepi za mtoto zianikwe upande wa njia, maana mtu akipita angejua kuna mtoto. Mbuzi akipiga teke ukuta, alikuwa amesimama tayari kabla sisi hatujainua kichwa. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nikaanza kusikia alichosikia yeye. Nilikuwa msichana mkubwa kiasi, namaliza shule ya msingi, nilikuwa nimekwenda kisimani maelfu ya mara. Sasa nilipoinama kuchota, mgongo wangu ulikuwa baridi mahali ambapo jicho la mtu lingegusa. Ukungu, ambao nilikuwa nimezaliwa ndani yake, ukawa kitu chenye watu ndani.

Siku ninayotaka kueleza, baba alikuwa ameshuka Butembo kwa mkutano wa walimu wa kanisa na angerudi kesho yake. Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tumetoka kuchimba viazi mapema kwa sababu ukungu ulipanda haraka, na tulikuwa jikoni: mama akichochea moto, mdogo wangu akimenya, mama mdogo akimnyonyesha mtoto karibu na mlango, pale alipokaa siku zote. Niliingia na kuni. Niliposimama kuziweka chini nikasikia viatu juu ya mawe ya uani. Si viatu vya jirani. Jirani zetu walivaa kandambili au mabuti ya mpira, na wote walianza kusema "Wasibire", salamu yetu ya Kinande, wakiwa bado mbali.

Hawa hawakusema kitu. Mlango ukajaa mtu mrefu, koti la kijeshi limelowa, bunduki begani. Nyuma yake mwingine, kijana zaidi, ambaye alijishikiza kwenye nguzo.

"Mama, mbote," yule mrefu alisema. Mkono wake ulielekea motoni. "Malili eleki. Moto, mama. Moto kidogo."

Lingala sikuijua sana wakati ule, kwamba malili ni baridi nilijifunza baadaye, lakini neno moto lilikuwa letu sote. Na niliona kwamba meno yake yalikuwa yanagongana.

Mama alisimama. Nilimwona akihesabu watoto wake kwa macho, kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua, "Karibu. Mukaye. Kuko na biazi."

Waliingia. Yule kijana alianguka zaidi kuliko kukaa, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu na alikuwa akitetemeka mwili mzima, homa iliyo wazi. Mkubwa alieleza kwa Kiswahili cha kuvunjika kwamba kikosi chao kilikuwa kinaelekea upande wa Manguredjipa, kwamba wenzao wametangulia, kwamba mwenzake ameshindwa kutembea. Kwao kulikuwa mbali sana, alisema, kwenye mto mkubwa, na hakuna mtu kwao anayejua baridi namna hii.

Sijui kama mama aliyasikia yote. Mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimetazama mahali karibu na mlango, ambapo kanga ya mtoto ilikuwa chini, na mama mdogo hayupo; alikuwa amepenya nyuma ya migongo yao walipoinamia moto.

Nilivuta nguo ya mama. Akatazama. Sikuwahi kuuona uso wake namna ile, sikuuona tena baadaye. Alichukua mkono wa mdogo wangu, akanisukuma mimi mbele yake, akawaambia wale wanaume, "Nakuya sasa hivi, naenda kuangalia mbuzi," akatutoa nje.

Uani hapakuonekana kitu. Nyumba yenyewe ilikuwa kivuli. Mtoto mchanga alikuwa ametoka bila kanga, na mama mdogo alikuwa na gauni tu na sweta moja. Mwisho wa shamba letu mlima ulikatika ghafla kwenda mtoni. Kila mtu wa kwetu alijua pa kusimama asije akaanguka. Yeye hakupajua.

Nikafungua mdomo nimwite. Mama akaufunika kwa kiganja.

"Hapana muite. Akisikia jina yake, atafikiri ni bale banamutafuta."

"Niende nigonge kengele ya kanisa?" nilinong'ona. "Watu bakuye kutusaidia."

"Kule kwabo bakigonga chuma ni kusema adui amefika. Atakimbia mpaka mu mutoni."

Midomo yake ilikuwa inatembea, na nilijua anaomba. Kisha akafanya jambo ambalo nilidhani ni wazimu. Alianza kutembea polepole kando ya mistari ya puaro na kusema kwa sauti kubwa, kwa Kinande, sauti yake ya kila siku ya kulalamika.

"Hii puaro ya mwaka huu ni nyembamba kama mkia wa panya. Nilimwambia baba yenu, tuweke samadi. Akasema Mungu ataotesha. Mungu anaotesha, ndiyo, lakini samadi ataibeba nani?"

Alinifinya mkono.

"Nijibu," alininong'oneza. "Kwa sauti. Kama siku zote."

Nikasema, "Mama, samadi iliisha."

"Iliisha kwa sababu uliimwaga yote kwenye kabichi. Na hizo kabichi ziko wapi? Zimeliwa na konokono. Wewe mdogo, jifunge vizuri, utapata kikohozi."

Tulikwenda hivyo, sisi watatu tumeshikana, tukigombana juu ya konokono. Mdogo wangu alidhani ugomvi ni wa kweli akaanza kulia, na mama hakumnyamazisha, akamkaripia kwa sauti ileile. Mimi nilijibu kila nilipofinywa. Nilisema kuhusu mbuzi aliyekata kamba, kuhusu mama wa korale, kwaya yetu ya kanisa, aliyeshona gauni baya, na wakati wote masikio yangu yalikuwa nyuma, jikoni, nikingoja viatu vitufuate. Pia yalikuwa mbele, kwenye maji, maana mto ulianza kusikika. Hakuna hofu niliyoipata baadaye maishani, na nimepata nyingi, iliyonivuta pande mbili namna hiyo.

Mama ndiye aliyeona. Kwenye ukingo wa mwisho wa shamba kulikuwa na mtaro tuliouchimba ili udongo usishuke, na juu yake majani marefu ya kulisha mbuzi. Majani yalikuwa yamelala upande mmoja. Mama hakunyamaza. Aliendelea kulalamika juu ya gauni la korale huku akishuka mtaroni, akakaa kwenye matope kama mtu anayekaa kupumzika, na ndani ya maneno hayohayo akasema, "Na wewe mdogo wangu, gauni hilo usingelivaa hata kwenye kilio. Nipe mtoto nimshike kidogo, mikono yako imechoka."

Mama mdogo alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa, mtoto katikati. Macho yake yalikuwa wazi. Kiganja chake kilikuwa juu ya mdomo wa mtoto.

Mama alimfungua kidole kimoja kimoja. Mtoto hakulia. Kichwa chake kilianguka nyuma, na mimi nikafikiri ndiyo basi. Mama alimpuliza usoni, akamsugua mgongo kwa nguvu, akamgeuza, akamsugua tena. Kisha ikatoka sauti ndogo, si kilio, kama kuku mdogo ndani ya kikapu. Mama alifungua vifungo vya blauzi yake akamweka mtoto kwenye ngozi, akafunga sweta juu yake.

"Anahitaji moto," aliniambia. Sasa alinong'ona. "Na huyu hataingia mahali basoda ba bunduki beko. Kwenda ubaambie batoke."

"Mimi?"

"Mimi nikimuacha, atakimbia tena."

Nilipanda lile shamba peke yangu. Ningependa kuandika kwamba niliomba, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa mwalimu wa kanisa, lakini zaburi zote zilikuwa zimenitoka kichwani. Nilikuwa ninasema "mawe, mawe, mawe" ili nisijikwae. Mwanga wa jikoni ulipotokea, nilisimama nje ya mlango mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikaingia.

Kijana alikuwa amelala karibu na moto, bunduki yake imeegemea kwenye gunia letu la viazi. Mkubwa alikuwa anamlisha kiazi kwa mkono, anakivunja vidogo vidogo. Aliinua kichwa.

"Papa na yo, papa wako, eko wapi?"

Swali hilo ndilo mama mdogo alikuwa ametufundisha tuliogope kuliko mengine yote. Nikasema, "Eko karibu. Anakuya na batu ya kanisa." Halafu, kwa kuwa sikujua namna nyingine, nikamwambia kweli. "Papa soda, mama anaomba mutoke. Kuko mama moja iko inje na mutoto mudogo sana. Mutoto iko nakufa na baridi. Ile mama aliona bintu kule Beni. Anaogopa nguo yenu."

Aliweka kiazi chini. Kisha akatazama nguo yake, kifua, mikono, magoti, kama mtu aliyeambiwa amechafuka. Mimi nilitazama kidole chake na ile bunduki.

"Mutoto wangu pia ni mudogo," alisema. Akamshika mwenzake begani, akamsemesha kwa Lingala, akamsimamisha. Kijana alilia. Mwanaume mwenye bunduki alilia kwa kutolewa motoni, na mimi ndiye niliyekuwa nimemtoa. Mkubwa aliweka kuni mbili kwenye moto kabla ya kuinuka, akauliza, "Njia gani hatutakutana na yeye?"

Nikamwonyesha ya upande wa kanisa, nikamwambia kuna nyumba kubwa ya wazee wawili ambao hawamkatalii mtu. Viazi vyote vya sufuria niliwafungia katika jani la mgomba; mama angenisamehe. Walipopotea ukunguni, nilishuka tena mtaroni kumwambia mama.

Mama mdogo aliingia jikoni akiwa ameshikwa kiuno na mama, akanusa. Alijua walikuwa pale. Hata hivyo alikaa, kwa sababu mtoto alikuwa chini ya sweta ya mama na mama alikuwa amekaa karibu na moto. Tulimpa uji, hakuunywa. Mtoto alianza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima katika mwili mdogo, na kila alipokohoa mama mdogo aliinua mkono kuelekea mdomo wake, akajiona, akaurudisha mapajani.

"Ndiyo vile nilifanya mu mihogo," alisema mwishowe. Hakumwangalia yeyote. "Nilimufunga kinywa. Kule ilituponya."

Mama alisema, "Najua."

"Nilisikia sauti yako kutoka mwanzo. Nilisikia puaro, nilisikia konokono. Nikasema, kama bangekuwa banakufa, hapana mutu angesema juu ya konokono. Lakini mukono yangu ilikataa kutoka."

Wakati wa sala ya jioni mama aliongoza kwa kuwa baba hakuwepo. Alimshukuru Mungu kwa mtoto, akamwombea mume wa mama mdogo popote alipo, kisha akawaombea wale wanaume wawili walio njiani, na mwenye homa akamtaja mara mbili. Mimi na mdogo wangu tukasema amina. Mama mdogo alinyamaza. Mama alimngoja kidogo, kisha akafumbua macho na kufunika sufuria ya uji.

Baba alirudi asubuhi na hapohapo tukampeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi alisema ni mapafu. Alilazwa, akapigwa sindano, na mama mdogo alikaa naye huku akiulizia madirisha yanafunguka upande gani. Alipona. Wale wanajeshi walilala kwa wale wazee wawili, wakaondoka kabla jua halijatoka. Kijana alikuwa anatembea, wazee walisema, lakini vibaya. Hatukusikia lolote zaidi. Baba alikuwa akiuliza kila mtu aliyetoka upande wa Manguredjipa, hadi mama akamwambia aache.

Baridi ilipokwisha, mama mdogo alisema anarudi Beni. Si shambani, mjini, mtaa wa Beu, kwa mwanamke wa kanisa lao aliyekuwa na chumba. Mama alilia, akakataa, akamtuma baba amkataze kwa Neno la Mungu. Baba alijaribu, akiwa ameshika Biblia ambayo hakuifungua.

"Shemeji," mama mdogo alimwambia, "huku naogopa batu na baridi. Kule nitaogopa batu tu."

Baba akaenda kumtafutia pikipiki.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Butembo, nina watoto wangu. Yule mtoto wa mtaroni sasa anamaliza shule ya msingi, anakimbia kuliko wavulana, na ana kifua kinachopiga filimbi akikimbia sana. Mama mdogo anauza nyanya na mafuta ya mawese sokoni Beu. Siku ambazo habari za kule ni mbaya, na ziko nyingi, ninampigia nikitoka darasani, na wakati simu inalia ninahesabu milio. Wiki iliyopita ililia mpaka ikakatika, mara kadhaa. Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, nikapiga tena. Ilipopokelewa, kulikuwa na makelele ya soko, na sauti yake juu ya makelele hayo, imekasirika.

"Uko napiga simu kama mutu amefiwa? Ngoja. Niko na mutu hapa anasema nyanya yangu iko mubichi."